Mukebe ya Hostia ku Njia ya Beni

Jumatatu, 11 Februari. Butembo

Nimekimbia dakika makumi tano na mbili. Mulima, mikaratusi, kisima, kurudi. Juma iliyopita ilikuwa makumi tano na ine. Nimefurahi.

Niliingia mu kapela na jasho ku mugongo, kengele ikiisha kulia. Basoeur bote balikuwa tayari ku magoti. Nikapiga magoti. Kisha dakika kumi nikalala. Kila siku ni vile. Soeur Petronila, muzee wetu, anakohoa wakati ninaanza kukoroma. Njo kengele yangu ya pili.

Siku moja nitasema hii mu maungamo vizuri: kukimbia ninajua, kusali ninasinzia. Miaka saba tangu nadhiri za kwanza. Ku lycée, masomo ya sekondari, nilikimbia kwa ajili ya provense nzima, batu balinipigia makofi ku Goma. Mu kapela hakuna mutu anapiga makofi.

Jumatano ya Majivu, 13 Februari

Mère, mukubwa wa nyumba yetu, aliniita ku bureau kisha Misa, majivu ingali ku paji ya uso.

Aliuliza nitatoa nini kwa Kwarezima. Nikasema sukari, na nyama. Akasema nyama hatukule tangu Noeli, donc hiyo ni zawadi ya vita, haiko yangu. Akanyoosha mukono. "Leta biatu."

Nikasema Mère, kukimbia haiko zambi. Akasema hakusema ni zambi.

Nilileta. Biatu ya mbio, ya bluu, nyuzi moja nilishaibadilisha na kamba ya mufuko. Aliiweka mu kabati yake pamoja na cachet, muhuri ya communauté, akafunga na ufunguo. Siku makumi ine.

Nina kasirani. Ninaiandika hapa ili isitoke kinywani.

Ijumaa, 15 Februari

Sikukimbia. Miguu inawasha usingizini. Niliamuka saa kumi na moja kama kawaida, nikaikala ku kitanda nikiangalia mulango kama mufungwa.

Mu sala nililala tu vilevile. Kumbe haikuwa juu ya kuchoka.

Jumanne, 19 Februari

Mère amenitoa mu kazi ya jardin, kule ku mboga. Sasa ninafanya hostia, mukate ya Misa, na Soeur Petronila. Anasema mikono ya Petronila inaanza kutetemeka, mutu ajifunze kazi. Mimi njo huyo mutu. Mutu asiyetulia kuliko bote mu nyumba.

Ni kazi ya kuchosha roho. Bunga na maji, basi. Hakuna chumvi, hakuna mafuta. Unachota kijiko moja, unamwanga ku chuma yenye iko ku makala, unafunga, unahesabu, unafungua. Inatoka ukurasa mweupe wenye musalaba. Haraka kidogo, ni mbichi. Kuchelewa kidogo, ni ya kahawia, tunakula sisi wenyewe na chai. Kisha hukati palepale. Unapeleka kurasa mu chumba cha chini penye bulongo iko na maji, zinalala pale mpaka kesho, zinalainika. Njo unakata mviringo moja moja na kitu kama bomba.

Leo sikungojea. Nilikata kurasa zikingali kavu. Zote zilipasuka. Petronila hakukasirika, hiyo njo iliniuma zaidi. Alikusanya bipande mu sahani, akasema tu, "Masoeur Imelda, hii kitu haitaki mutu mwenye haraka."

Amefanya hii kazi miaka makumi ine, na ile chuma moja. Midomo yake inatembea wakati anahesabu. Nilifikiri anahesabu sekunde. Nikasikiliza vizuri: ni Salamu Maria. Mbili kwa ukurasa moja.

Jumatano, 27 Februari

Padiri alihubiri juu ya mukimbiaji. Kila Kwarezima kuna mutu wa kuhubiri juu ya mukimbiaji. Mukristu ajikaze, ajinyime, aangalie mwisho wa njia, apate taji. Lakini huyu Padiri wetu akipanda ngazi ya parokia anapumua kama ng'ombe. Nilitaka kusimama nimwambie mambo tatu.

Ya kwanza, mukimbiaji haangalii mwisho wa njia. Akiuangalia anakufa moyo. Anaangalia jiwe yenye iko mbele, kisha ingine.

Ya pili, kujinyima haiko kitu. Mwenye mbio hajinyimi, anataka.

Ya tatu, kuna siku mwili unakataa. Mvua, tumbo, huzuni, muguu kama jiwe. Unakimbia tu. Hauulizi kama unasikia utamu. Unavaa biatu, unatoka, unarudi, unaandika dakika. Na siku zile mbaya njo zinajenga muguu.

Niliandika hiyo ya tatu, kisha nikaisoma tena. Sijawai kusali vile hata siku moja. Mimi mu sala ninangojea utamu. Usipokuja, ninalala.

Nimeona haya.

Alhamisi, 28 Februari

Nimejaribu. Sala kama mazoezi: nusu saa, kusimama wima, macho wazi, saa ku mukono. Utamu hakuna. Nikasema zaburi kavu kama bunga. Nusu saa ikaisha. Nikaandika: nusu saa.

Sikulala. Petronila hakukohoa.

Jumamosi, 9 Machi

Masasi ya bunduki ku upande wa barabara ya Beni, tangu asubui mpaka adhuhuri. Batoto ba masomo yetu tulibaficha chini ya meza. Mutoto mumoja alishikwa na usingizi pale chini, mpaka tukamubeba.

Bunga iko karibu kuisha. Inatoka Kasindi, ku mupaka, na makamyo hayapiti tena. Petronila ameanza kupima na kikombe cha chai.

Sala: dakika makumi tatu, mbaya. Nilifikiri tu bugali.

Jumapili, 17 Machi

Mama mumoja alifika kwa miguu kutoka Beni, na barua mu kitambaa ya kichwa. Ni ya Padiri wa Bungulu. Kanisa yake imejaa bakimbizi, banalala mpaka kando ya altare. Batu bametoka vijiji vyote vya kule, nyumba zao zimechomwa. Anasema anapika nao, anazika nao, anabatiza. Lakini hostia zimeisha tangu juma mbili. Kawaida sisi njo tunatuma, na gari ya parokia. Gari ilichomwa ku njia. Anauliza kama tunaweza kufanya jambo, ili Alhamisi Kuu isipite bure. Anasema, hii batu bamenyimwa kila kitu, sipendi nami nibanyime.

Mère alisoma barua kwa sauti mu chumba cha kula. Hakuna mutu alimaliza maharagi.

Jumatano, 20 Machi

Chuma haikupoa tangu asubui. Bunga yote yenye ilibaki tumeitumia. Petronila alikung'uta mufuko, kisha akaugeuza, akaupiga na mukono, akakusanya vumbi ya mwisho. Vidole vyangu vimeungua bitatu. Nimehesabu Salamu Maria mbili kwa kila ukurasa. Kichwa ilikuwa tupu lakini midomo ilitembea. Sijui kama hiyo ni sala. Petronila anasema ndiyo, chuma yenyewe inajua.

Jumapili ya Matawi, 24 Machi

Mère aliniita. Ku meza yake kulikuwa biatu ya bluu.

Njia ya gari imefungwa na basoda. Kinga, baiskeli, inakamatwa, pikipiki inakamatwa, mwanaume anakamatwa abebe masasi. Mama mwenye muzigo ku mugongo, akionekana anatoka shamba, anapita. Mara nyingi anapita. Alisema hivyo, "mara nyingi", na akaniangalia usoni. Siku mbili ku miguu. Kulala Maboya, kwa katekista. Hanilazimishe.

Nikasema ndiyo mbele hajamaliza.

Mu mulango nilijishika mukono ku kinywa. Nilikuwa ninacheka. Batu banakufa ku ile njia na mimi nilifurahi biatu. Nitaungama hii. Lakini ninaiandika jinsi ilivyokuwa.

Jumatatu, 25 Machi

Petronila alipanga hostia mwenyewe, mu mukebe mukubwa ya maziwa ya unga, wa misioni, wenye mufuniko wa kukaza. Mia nane na makumi sita. Alizipanga safu safu kama sahani, akaweka kitambaa juu. Akafunga mukebe mu pagne, kitenge ya zamani, akafunga kamba ya kichwa jinsi bamama ba milima ya Masereka banabeba biazi. Mimi nimezaliwa mu muji, shingo yangu haijui ile kamba. Alinizungusha mu kiwanja mara tatu nikiwa nimeinama.

Ku mwisho alinishika mukono. "Utembee. Usikimbie."

Nikasema wasingya, aksanti mama. Nilifikiri anahurumia miguu yangu, sababu ya kufunga. Muzee mwenye moyo.

Jumanne, 26 Machi. Maboya

Ninaandika ku kiti ya katekista, jua ingali juu. Bibi yake amenipa maji ya moto ya kuosha miguu. Ni batu bazuri. Hawana kitu na bamechinja kuku.

Nilitoka mbele ya jua kupanda. Nilivaa pagne mbili na foulard ku kichwa, msalaba ndani ya nguo. Nilitembea. Kabisa nilitembea. Mashamba yamejaa majani, hakuna mutu wa kupalilia. Nyumba zenye milango wazi na kuku hakuna. Nikasema rozari kwa hatua, hatua kumi kwa Salamu moja. Mwili ulipata mwendo wake na sala ikaingia ndani ya mwendo. Kwa mara ya kwanza sikujua ni gani ilikuwa inabeba ingine.

Kisha bariera. Muti ya mwanzi kati ya mawe mbili. Basoda batatu, mumoja mugonjwa analala chini. Mwenye bunduki alikuwa kijana wa provense ya Équateur, Kiswahili yake ya kuokota.

"Mama, kilo ku mugongo, ni ya nini?"

"Mukate."

"Fungula."

Nilifungua. Safu zilikuwa nzima, nyeupe, hakuna hata moja yenye kuvunjika. Alitoa kofia. Mwenzake naye akatoa. Akauliza polepole kama Mungu yuko ndani. Nikasema bado, ni bunga na maji tu, mpaka Padiri aiombee. Akafikiri. Akauliza kama anaweza kuonja moja, sababu bado. Nikamupa. Nikapatia mwenzake moja, na mugonjwa nikamuwekea ku ulimi. Kijana alitafuna, akasema haina chumvi. Nikasema ndiyo. Akasema mama yake kule Mbandaka alikuwa mu Legio ya Maria, na ye mutoto alikuwa anamubebea kiti kila Jumapili. Akanyanyua mwanzi mwenyewe.

"Kimbia, masoeur. Kuko batu mubaya nyuma."

Njo nikakimbia.

Niandike kweli. Kwanza ilikuwa woga. Kisha kona ya pili woga uliisha. Njia ilikuwa ya kushuka, bulongo laini kisha mvua, hewa baridi. Siku makumi ine miguu ilikuwa imefungwa mu kabati pamoja na biatu. Nilikimbia sababu ilikuwa tamu. Mukebe ulinipiga mugongo kama ngoma na mimi nikaupenda. Nikaangalia saa. Nilifika Maboya masaa mbili mbele ya wakati.

Nimefurahi mno. Nilimushukuru Mungu kwa miguu. Ilikuwa sala nzuri kuliko zote za mwaka huu.

Jumatano, 27 Machi. Beni, Bungulu

Sijui jinsi ya kuiandika.

Nilikimbia tena leo, karibu njia yote. Niliingia Bungulu adhuhuri. Batoto ba bakimbizi balinifuata wakipiga kelele. Padiri alitoka mu kiwanja na sufuria ku mukono, alikuwa anagawa bugali. Ni mwembamba kama fimbo. Alipoona mukebe alifunga macho kidogo. Tukaingia sakristia, nikautua ku meza, nikafungua mufuniko.

Bipande. Byote bipande. Ku chini ni vumbi kabisa, kama bunga mbele ya kupikwa. Nilipitisha mukono nikitafuta safu ya Petronila. Hakuna safu.

Hostia ni kavu. Ninaijua. Nimezikata juma tano na mukono yangu. Ninajua jinsi zinapasuka. Utembee, usikimbie. Hakuwa anasema juu ya miguu yangu. Alikuwa anasema juu ya mukate, na mimi nikasikia jina yangu tu, sababu mimi ninasikia jina yangu kila pahali.

Mutoto mudogo angesikia vizuri.

Niliikala chini ku simenti ya sakristia, nikalia na sauti. Mufuko wa mwisho wa bunga. Mikono ya Petronila. Mama mwenye kubeba barua. Mère akifungua kabati. Na mimi masaa mbili mbele.

Padiri alipeleka kwanza bugali inje, sababu batu balikuwa wanangojea. Akarudi, akaikala chini karibu yangu, akaweka mukebe kati yetu. Aliangalia ndani.

"Masoeur Imelda. Mimi ku altare kila siku ninafanya nini?"

Nikasema, unasali Misa.

"Ninavunja. Wewe umemaliza mbele yangu, basi." Akacheka kidogo, na meno mbili hakuna.

Sikucheka. Nikamuambia yote, Maboya, saa, utamu. Ilikuwa maungamo na alinipa msamaha palepale, mikono ingali na bugali. Malipizi yangu: kesho nishike sahani, nisiangalie saa.

Alhamisi Kuu, 28 Machi

Misa ilikuwa saa tisa ya alasiri, ili batu barudi mbele ya saa ya basoda kufunga njia. Kanisa haikutosha. Balisimama inje mpaka ku njia, na ku madirisha batoto ku mabega.

Asubui tulikuwa tumechagua, mimi na bamama bawili. Bipande ku sahani za enamel, vumbi mu kikombe kimoja. Hatukutupa kitu.

Padiri aliosha miguu ya batu kumi na wawili. Mumoja alikuwa na kidonda yenye kufungwa na jani. Maji ikawa nyeusi ku mutu wa tatu, hakubadilisha, maji inatoka mbali.

Ku komunyo nilisimama karibu yake na sahani. Nilikuwa nimehesabu mu kichwa tangu jana: mia nane na kitu, na batu mara mbili, labda mara tatu. Kama zingekuwa nzima, katikati ya musururu angesimama, angesema zimeisha, rudini. Yeye aliokota kipande kimoja kwa vidole mbili, kidogo kama punje ya muchele. Akaweka ku ulimi. Kingine. Ulimi mukavu, ulimi wa homa, ulimi wa muzee mwenye hana jino. Mama mumoja alikuwa na alama ya kamba ku paji ya uso, shimo kabisa, ya miaka yote. Alama yangu ya siku mbili inauma bado. Alifungua kinywa na macho ikaangalia kipande, kisha ikaniangalia mimi.

Bote balipata. Mutu wa mwisho inje, ku mulango ya choo, alipata. Vumbi ya kikombe Padiri alitia mu divai, akanywa.

Bamama banasema ni muujiza. Padiri anasema ni baraka. Mimi ninajua ni mbio. Sitaki kujidanganya: haikuwa hekima yangu, ilikuwa ubovu yangu, na Mungu mwenyewe akautumia. Sijui kukasirika ao kushukuru. Nililia tena, lakini machozi ingine.

Sikuangalia saa.

Jumanne, 2 Aprili. Butembo

Nimerudi jana. Nilitembea siku mbili. Ku bariera kulikuwa basoda bengine, kijana wa Équateur sikumuona. Niliuliza, hakuna mutu alinijibu. Nimemuweka mu sala, saa kumi na mbili ya asubui, dakika tano zake peke yake.

Mère alisikia yote akisimama. Akasema nilale. Kisha akasema biatu nibaki nayo.

Leo mukebe ulikuwa wa kuosha. Niliupindua ku jua, kitambaa ya Petronila ikaanguka. Ndani ya mukunjo ya kitambaa, hostia moja. Nzima kabisa. Sijui jinsi gani. Ilibaki pale kwenda na kurudi, na hakuna mutu aliiombea, donc ni mukate tu.

Nilimupelekea Petronila mu chumba cha chuma. Alikuwa anapangusa chuma na majivu, bunga mupya haijafika. Nikamuambia mbele hajauliza. "Nilikimbia, mama."

"Ninajua," alisema. "Hapana mutu mwenye alitembea tu, anarudi na ile sura."

Nikamupa. Aliishika ku mwanga, akaigeuza, akatafuta kosa na hakuona. Mikono ilitetemeka sana. Kisha akaivunja katikati, akanipa nusu. Tulikula na chai, bila sukari.

Sala: dakika makumi tatu.